Nani Atampokea Mgeni Usiku wa Kwanza?

Methali ya mgeni twaijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia kwa mgeni mvivu, nasi twacheka. Lakini methali hiyo ina vipande viwili, na sisi twapenda kile cha pili tu. Kipande cha kwanza chasema kwamba kwa siku mbili mgeni hadaiwi kitu. Jembe ni la siku ya tatu. Kabla ya hapo ana haki ya kula na kulala, wala mwenyeji hana ruhusa ya kumhesabia. Basi leo twataka kuuliza neno juu ya kipande hicho cha kwanza, na hasa juu ya usiku ule wa kwanza kabisa, wakati msafiri yu peke yake katika mji wa nchi nyingine, hajui njia, wala hajui jina la mtu hata mmoja. Ni nani aliye na wajibu wa kumpokea? Na mtu mwenye hofu ya kweli, je, aweza kufunga mlango wake bila kosa mbele ya Mungu?

Hapa Ndosho swali hilo si la darasani. Mtaa wetu uko upande wa magharibi wa mji wa Goma, kando ya barabara iendayo Sake. Atokaye Masisi hupita hapa, na atokaye Bukavu kwa njia ya nchi kavu kupitia Minova hupita hapa pia, kabla hajauona mji wenyewe. Wengine huingia kwa upande wa pili, kutoka Gisenyi ya Rwanda, nao ni watu wa Rwanda, Burundi, Uganda, hata Tanzania. Huvuka mpaka, wakapanda pikipiki, wakaletwa huku kutafuta chumba au kumtafuta ndugu. Nasi twajua Ndosho ilivyo giza likiingia. Ardhi ni mawe meusi ya volkano, nyumba nyingi ni za mbao na zafanana, vichochoro ni vyembamba. Hata mwenyeji hujikwaa akikosa taa, sembuse mgeni.

Tuweke mfano. Kijana mmoja, tuseme ni mtu wa Kigoma, amepita Rwanda kwa mabasi, akavuka mpaka jioni. Anamtafuta mjomba wake apasuaye mbao Ndosho. Mwenye pikipiki amshusha kando ya barabara, achukua faranga zake, aenda zake. Simu ya mjomba haiiti. Kijana asema Kiswahili, ndiyo, lakini kwa neno lake la kwanza kila mtu ajua kwamba si wa hapa.

Mama mmoja auzaye sambaza amwona. Aona mkoba, aona jinsi anavyogeukageuka. Lakini giza laingia, naye afunika beseni lake na kwenda nyumbani kwa watoto. Baba mmoja, mkristu mwema, msomaji wa masomo kanisani, apita karibu. Asema moyoni, "Siku hizi huwezi kujua," naye aharakisha. Vijana wawili wa chukudu wamtazama, wapita na mzigo wao. Wa tano ndiye asimamaye. Uso wake ni wa kicheko. "Karibu, ndugu yangu! Umetoka mbali! Mjomba wako? Namfahamu sana, twende." Ampokea mkoba begani. Ndiyo salamu ya kwanza aliyoipata kijana yule tangu avuke mpaka, naye aifuata kama mtoto amfuatavyo mama yake.

Yaliyobaki hayahitaji maneno mengi. Kichochoro hiki, kichochoro kile, ngoja hapa nimwite. Na mkoba umekwenda, pamoja na fedha na karatasi zake. Saa sita ya usiku kijana agonga mlango. Ndani hawajibu. Agonga wa pili. Mtu apiga filimbi, mwingine apiga sufuria, kama ilivyo desturi yetu ya kuitana wanapokuja wanyang'anyi, na mara mtaa mzima uko nje na fimbo na mawe. Jioni hapakuwa na mtu aliyemjua. Usiku wote wamjua: ni mwizi. Na kati ya wale walioshika fimbo yumo yule baba msomaji. Kama kijana huyo atapona, ni kwa sababu mzee mmoja atamwuliza jina lake kabla ya pigo la kwanza. Wako waliopona hivyo. Wako wasiopona.

Sisi katika mfano huu twaona neno moja, nalo ndilo tulilotaka kulisema leo: hakuna mgeni asiyepokelewa. Katika mji wowote, usiku wa kwanza, yuko mtu atakayempokea msafiri. Watu wema wakijizuia, hawamwachi msafiri bila mwenyeji. Wamchagulia mwenyeji, naye ni mwizi. Na kama msafiri ni msichana, mwenyeji huyo ana jina baya kuliko mwizi. Basi mtu asiseme kwamba kwa kupita kimya hakutenda lolote. Alitenda: alimwachia mwingine nafasi.

Habari ya msafiri mmoja wa zamani yatusaidia hapa, ingawa hakuwa mkristu. Mwaka 1325 Ibn Battuta, kijana wa miaka 21, alitoka kwao Tangier katika Moroko aende kuhiji Maka. Alitoka peke yake. Njiani alijiunga na wasafiri wengine, akashikwa na homa. Walipofika Tunis, mji wa sultani mwingine, wenyeji walitoka kuwalaki. Huyu amsalimu huyu, yule amkumbatia yule. Yeye hakusalimiwa na mtu, kwa kuwa hakujulikana na mtu. Akalia machozi mbele ya watu wote. Mmoja wa mahujaji akamwona, akafahamu sababu ya kilio chake, akamwendea, akamsalimu, akaongea naye mpaka wakaingia mjini, na huko alipata mahali pa kulala katika chuo. Baadaye Ibn Battuta alizunguka dunia kwa miaka mingi. Aliona wafalme, alifika Bara Hindi na Uchina. Lakini kitabu cha safari zake kilipomalizika mwaka 1355, ile salamu ya Tunis ilikuwa bado imo kichwani mwake baada ya miaka thelathini.

Salamu hiyo ilimgharimu nini yule hujaji? Hakutoa nyumba yake, hakutoa kitanda. Alitoa hatua chache na maneno machache, tena mchana, mbele ya watu.

Msafiri huyohuyo alifika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kwenda Mombasa na Kilwa, akaiona desturi ya huko. Meli ikitia nanga, vijana wa mji waliiendea kwa mashua, kila mmoja na chombo cha chakula kilichofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kusema kwamba huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara huyo alikaa kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia mali. Tusidhani ulikuwa wema mtupu. Mwenyeji alikuwa na faida yake, na pengine faida nono. Lakini tazameni akili ya watu wale wa pwani. Hawakungoja mgeni ashuke, aulize, apotee. Mji ulikuwa umekwisha kupanga nani atampokea nani kabla mguu wake haujakanyaga mchanga.

Hapo wasomaji watatujibu: "Hayo ni ya zamani. Ninyi mwajua hali yetu." Ndiyo, twaijua. Twajua milango iliyovunjwa usiku. Twajua siku zile za mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, na hospitali ya CBCA hapa Ndosho ikajaa majeruhi kupita nafasi yake. Mtu aliyelala chini ya kitanda na watoto wake kwa sababu ya risasi hawezi kuambiwa kwamba hofu yake ni ya kitoto. Mjane mwenye watoto wanne, na mlango wa mbao usio na komeo imara, akikataa kumfungulia mwanamume asiyemjua saa sita ya usiku, hatendi dhambi. Twalisema waziwazi, maana wako watu wanaojisumbua dhamiri bure. Mungu hadai mjane huyo awatie watoto wake hatarini.

Lakini hofu hiyo ni ya saa sita ya usiku. Saa kumi na mbili ya jioni, barabarani, watu wengi wakipita, palikuwa na hofu gani? Nani aliwahi kuibiwa kwa kuuliza, "Ndugu, watafuta nani?" Twashuku kwamba mara nyingi twaikopa hofu ya usiku tupate kuitumia mchana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliiweka busara mbele ya fadhila nyingine za maadili, na kwake busara ni akili nyofu juu ya mambo ya kutenda. Basi busara ambayo kila siku, kwa kila mgeni, yaishia katika kutotenda neno, yafaa tuichunguze vizuri, isije ikawa ni uvivu uliovaa nguo za busara.

Tena iko habari katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 19, ambayo haisomwi mara nyingi kanisani kwa kuwa ni ya kutisha. Mlawi mmoja alikuwa safarini na mwanamke wake na mtumishi. Jua likawachwea karibu na mji wa Yebusi. Hakutaka kuingia humo kwa kuwa ni mji wa watu wa kabila nyingine. Akaona heri kwenda Gibea, kwa ndugu zake Waisraeli wa kabila la Benyamini. (Tuliangalie hilo: alijihadhari na wageni, akaangamizwa na watu wa taifa lake.) Wakaketi katika kiwanja cha mji, na hakuna aliyewakaribisha. Mwishowe akapita mzee mmoja akitoka shambani jioni. Mzee huyo naye hakuwa mtu wa pale. Alikuwa mtu wa milima ya Efraimu, mgeni akaaye Gibea. Ni yeye peke yake aliyewauliza watokako na waendako, akawachukua nyumbani.

Laiti habari ingekwisha hapo. Usiku ule watu waovu wa mji waliizunguka nyumba. Mzee hakuweza kuwazuia, na waliokuwa ndani wakatenda jambo la aibu kubwa: wakamtoa nje yule mwanamke ili wao wapone, na asubuhi alikuwa amekufa, mikono yake iko juu ya kizingiti. Wengine wakisoma husema: ndiyo matokeo ya kupokea wageni. Sisi twaisoma kwa namna nyingine. Gibea ilikuwa na nyumba nyingi, na mlango uliofunguliwa ni mmoja tu. Mlango mmoja hauwezi kumlinda mgeni, wala hauwezi kujilinda wenyewe. Kama nyumba kumi zingalifunguliwa jioni ile, na watu kumi wangalikaa na mzee yule, waovu wangalipita kimya. Wajibu wa usiku wa kwanza ni mzigo wa mji mzima. Ukiachiwa mtu mmoja mwema, humponda.

Ndiyo sababu Kanisa tangu mwanzo halikuwaachia jambo hili wakristu mmoja mmoja tu. Kuna kitabu kidogo cha zamani sana kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, cha nyakati zilizofuata karibu sana mitume wenyewe. Kilikuwa kimepotea kwa karne nyingi, kikaonekana tena Konstantinopoli mwaka 1873. Kitabu hicho chaagiza kwamba kila ajaye kwa jina la Bwana apokewe. Halafu ndipo apimwe. Akiwa mpita njia, asaidiwe kadiri iwezekanavyo, asikae ila siku mbili au tatu. Akitaka kukaa kabisa, na afanye kazi ale. Tulipoona maneno hayo tulicheka kwa furaha, maana wazee wetu wa jembe na siku ya tatu wamekutana na wakristu wa kwanza wa Siria au wa nchi jirani bila kuandikiana barua! Tena angalieni mpango wenyewe: kwanza kupokea, baadaye kupima. Sisi twageuza. Twataka kupima kwanza, na wakati twapima, usiku umeingia.

Na Mtakatifu Benedikto katika Kanuni yake, sura ya 53, aagiza wageni wote wapokewe kama Kristu mwenyewe. Hilo wengi walijua. Lakini hakuwa mtu asiyejua hila za dunia. Aliagiza kwamba mgeni akifika, kwanza wasali pamoja naye, ndipo wampe busu la amani, kwa sababu ya udanganyifu wa shetani. Chumba cha wageni alimkabidhi ndugu mmoja mwenye kumcha Mungu, na vitanda viwe vimetandikwa tayari. Langoni aliweka mzee mwenye akili, asiye na tabia ya kuzurura. Basi hofu ya Benedikto ilizaa utaratibu: mzee langoni, ndugu wa chumba, sala kabla ya busu. Hofu yetu huzaa komeo tu.

Je, sisi watu wa Goma tuna haki ya kusema kwamba mambo ya ugeni hayatuhusu? Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, na watu wetu wengi sana walilala usiku ule Gisenyi, katika nchi si yao. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Siku tano baadaye wakubwa wa jimbo waliamuru mitaa kumi ya mji ihame, wakatoka watu wapata 400,000. Wengine walikwenda Rutshuru, wengine Rwanda, na wengi walipita barabara hii yetu ya Ndosho kwenda Sake, magodoro kichwani, wakalala mashuleni, makanisani, na wengine nje. Asubuhi mtu alikuwa na nyumba na funguo. Jioni ni mgeni kama yule kijana wa Kigoma. Na Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu kwa siku chache, na kipindupindu kikawaua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza, hapa Ndosho palikuwa na kituo cha watoto waliopotezana na wazazi wao. Watoto wale walikuwa wageni wa namna ya mwisho kabisa: hawakuwa na karatasi, wala mjomba, na wadogo wao hawakuweza kutaja hata kwao. Walipokewa kwanza. Majina yalitafutwa baadaye.

Basi kuna kazi gani kwa shirika la mtaa, lile tunalokutana kila juma kusali na kusoma Injili? Tusianze na makubwa. Kila shirika liwachague watu wanne au watano, waume kwa wake, wajulikane kwa mkuu wa nyumba kumi, ili auzaye sambaza akimwona mgeni jioni asiwe na mzigo wa kumpokea, awe na mzigo wa kumwonyesha tu: "Nenda kwa mama fulani, mwenye mlango wa buluu." Hilo laweza kufanywa na mwenye hofu kuliko wote. Chumba cha parokia, au darasa baada ya masomo, chaweza kuwekewa mikeka na dumu la maji. Mwanamke apokewe na wanawake. Mgeni asilazwe katika nyumba ya mtu mmoja peke yake. Wakeshe naye wawili. Na filimbi ikilia usiku, mmoja wa hao wanne awe ndiye aulizaye jina kabla mtu hajainua mkono. Tumeyataja haya kwa sababu ya rahisi yake. Hayatudai fedha nyingi.

Na msafiri naye ana wajibu, asitegemee wema wa watu tu. Ajitahidi kufika mchana. Asiweke fedha zote mkobani. Achukue barua ya paroko wake au cheti cha ubatizo, kama Mtakatifu Paulo alivyompa Febe neno la kumjulisha kwa Warumi. Apige hodi kwa desturi, mara tatu, aseme jina lake na kwao hata kabla hajaulizwa. Tena liko neno moja ambalo twapenda vijana wetu walijue, kwa kuwa nao huondoka kwenda Kampala, Nairobi na Bujumbura: katika mji mgeni, mchague wewe mtu wa kumwuliza, usichaguliwe. Mwenye duka, mama mwenye meza yake sokoni, mlinzi wa kanisa, hao wamefungwa na mahali pao. Kesho watakuwapo palepale. Anayekujia mbio akicheka, na hana mahali, kesho hutamwona.

Mtu atauliza: na asiye na barua? Na Mwislamu, na mtu wa dini nyingine, na mtu asemaye lugha tusiyoijua? Twajibu kwamba barua husaidia kupima, na kupima ni kwa kesho. Wale wanafunzi wawili wa Emausi hawakumwomba Mgeni wao barua. Walimwomba akae nao kwa kuwa jua limekwisha shuka, na hata walipoketi mezani walikuwa hawajamjua.

Liko jambo moja ambalo bado latushinda, nalo ni la mgeni afikaye mgonjwa. Darasa lenye mikeka halimfai mwenye homa kali, na tangu siku za Ebola na kipindupindu watu wana sababu ya kuogopa kumgusa. Wasomaji wa parokia nyingine, hasa wa Sake, Minova na Bukavu, walio na desturi ya kupokea wasafiri, watuandikie wafanyavyo: nani ashika ufunguo wa chumba, nani alipa maji, na mgeni mgonjwa wampeleka wapi usiku.